Negros Occidental: Mkoa wa sukari uliowahi kulaza watoto njaa

Negros Occidental, mkoa ulioko katikati ya Ufilipino, huzalisha zaidi ya nusu ya sukari ya nchi hiyo. Makao makuu yake ni Bacolod, na wenyeji wengi huzungumza Kihiligaynon.

Kilimo cha miwa kilishamiri baada ya bandari jirani ya Iloilo kufunguliwa kwa biashara ya nje mwaka 1855. Familia chache zikamiliki mashamba makubwa, wengine wakabaki vibarua.

Mavuno yakiisha, huja miezi inayoitwa tiempo muerto, yaani wakati mfu: hakuna kazi, hakuna ujira. Katikati ya miaka ya 1980 bei ya sukari ilianguka, na vibarua wengi wakakosa hata kazi ya msimu. Watoto wakalazwa hospitalini kwa utapiamlo, ilhali ardhi ya kwao ina rutuba. Miwa ilifika hadi mlangoni. Pa kupanda mpunga au mboga hapakuwapo.

Tangu 1988, sheria ya mageuzi ya ardhi imewapa baadhi ya vibarua mashamba yao. Na kila Oktoba, Bacolod husherehekea MassKara, tamasha la vinyago vyenye tabasamu lililoanzishwa mwaka 1980 kuwafariji watu wakati wa dhiki.

Mzazi mwenye shamba, kabla hujalijaza zao la kuuza, tenga sehemu ya mboga, maharage na mahindi ya nyumbani. Bei ikianguka, mtoto hashibi miwa.