"Hapana" Niliyoikata kwa Mstari

Kwa miaka mingi nimekuwa nikihoji wafiwa Rufiji. Mtoto akifia nyumbani, hakuna daktari aliyemwona wala karatasi inayosema ameuawa na nini. Tunaacha matanga yaanuliwe, mara nyingi hadi arobaini ipite, ndipo tunakwenda na dodoso kumuuliza mama jinsi mwanawe alivyougua. Akilia, tunanyamaza, akitaka tuondoke, tunaondoka. Majibu husomwa na madaktari wawili, kila mmoja kivyake, na wakihitilafiana hupelekwa kwa wa tatu.

Siku moja nilikaa mkekani na mama mmoja aliyefiwa na kitinda mimba wake.

"Mtoto alikuwa na homa?"

"Hapana."

Nikaandika hapana.

"Alikuwa anaumwa nini, mama?"

"Degedege, mwanangu. Alikakamaa, macho yakapanda juu."

Nilikaribia kufungua ukurasa wa pili, kisha nikamwomba anisimulie tangu siku mbili nyuma. Mwili ulikuwa wa moto, akasema, ananyonya kidogo tu. Akalaza kiganja juu ya mkeka, kama vile tumbo la mtoto bado lipo pale. "Lakini ile ilikuwa homa tu. Kilichomuua ni degedege."

Kwake yalikuwa maradhi mawili. Homa hupelekwa zahanati. Degedege huletwa na pepo, na wengi pwani waliamini mtoto wa degedege akidungwa sindano hufa. Mama yule hakunidanganya hata kidogo. Swali langu ndilo lililokuwa fupi. Nikarudi juu, nikaikata ile "hapana" kwa mstari mmoja, nikaandika "ndiyo, siku mbili", nikasaini pembeni. Bila hivyo, daktari angewezaje kuifikiria malaria?

Mwaka 1999, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai Tanzania, 147 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2022 walikuwa 43. Hesabu hizo zinasema wangapi. Kujua kwa nini kunategemea mazungumzo ya mkekani, na ni takwimu za aina hiyo ambazo wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini zilizitumia chini ya mradi wa afya wa TEHIP kupanga fedha za afya zielekee kwenye maradhi yanayoua.

Ninyi mnaoanza kazi hii, msiuache wazi ukurasa wa dodoso wa maelezo ya mama mwenyewe. Mama akisema degedege, andikeni degedege, kisha mwulizeni mwili ulianza kuchemka lini.