Kinachoua Bustani Changa

Husemwa kwamba bustani ya mtu asiyelizoea jembe hufa kwa uvivu wa mwenyewe. Sisi hatukubali. Katika bustani nyingi tulizozitazama hapa Bujumbura na katika uwanda wa Imbo, za shule na za walimu wenzetu, miche haikufa kwa kuachwa. Ilikufa kwa kupendwa kupita kiasi: mbegu nyingi mno, maji mengi mno, samadi nyingi mno, na pengine yote hayo kwa siku moja.

Twaandika haya kwa ajili ya mwalimu aliyepewa kipande cha ardhi nyuma ya madarasa akaambiwa awafundishe watoto kulima. Na zaidi kwa ajili ya yule alimaye nyuma ya nyumba yake ili sufuria ya jioni isikose mboga. Kwa huyu wa pili jambo si la mchezo. Kiangazi chetu, kuanzia Juni hadi Septemba, aghalabu hupandisha bei ya mboga sokoni, wala mshahara haupandi pamoja nayo.

Mwenzetu mmoja, mama mtu mzima afundishaye madarasa ya chini, alipanda lengalenga mara tatu katika mwaka mmoja, na mara tatu zikamfia. (Lengalenga ndiyo mchicha wa vitabuni. Mwalimu na awaeleze wanafunzi kwamba mmea ni mmoja na majina ni mawili, wala asilifute lile la nyumbani kwa kalamu nyekundu.) Jirani zake wakaanza kusema kwamba mkono wake hauoteshi. Alipotupa habari hiyo alikuwa amekwisha kuazimia kulikodisha eneo lake kwa fundi wa baiskeli.

Alipopanda mara ya nne tulikwenda kutazama. Mbegu zilikuwa zimeota, tena zimeota mno. Tuta lilikuwa kijani kibichi kama zulia, na mgeni angelisifu. Lakini yafaa kukumbuka kwamba gramu 1 ya mbegu za mchicha ina mbegu zaidi ya 1,000. Ukitupa kiganja kizima juu ya tuta la mita 2, umeita umati usio na mahali pa kuketi. Miche hunyang'anyana mwanga, ikarefuka myembamba kama uzi. Hewa haipiti kati yake, udongo haukauki, na kuvu huishika shingo ya mche pale inapogusana na ardhi. Asubuhi mche umelala kama uliokatwa kwa wembe. Mama yetu, kila alipouona umelala, alidhani una kiu, akauongezea maji.

Dawa yake ni nyepesi kuitaja. Mbegu ndogo namna hii huchanganywa na mchanga mkavu, zikadondoshwa katika vifereji vyembamba, zikafunikwa udongo kidogo tu, usiozidi mara 2 au 3 ya unene wa mbegu yenyewe. Miche ikisha kutoa majani yake ya kweli, hupunguzwa: hubakizwa mmoja kila sentimita 10 ikiwa utang'oa mchicha mzima, au kila sentimita 30 ikiwa wataka kuchuma majani mara kwa mara.

Kuitenda dawa hiyo ndiko kugumu. Mama alitutazama akasema, "Mwalimu, kitu chenye uhai, kimeota chenyewe, nanyi mwataka nikitupe?" Hatukubishana naye, maana ni mkubwa wetu, na maneno yake hayakuwa ya kijinga, mtu aliyezika matuta matatu ana haki ya kuuonea uchungu kila mche. Tulimwomba tu atupe nusu ya tuta, nusu nyingine abaki nayo kama ilivyo. Baada ya wiki 3 nusu iliyopunguzwa ilikuwa na majani mapana kama kiganja. Ile nyingine ilinyeshewa mvua usiku mbili mfululizo, ikalala karibu yote.

Juu ya maji, lugha yetu yenyewe inatuonya. Twasema kumwagilia, neno lililozaliwa na kumwaga. Na twasema pia kunyweshea, lililozaliwa na kunywa. Anayeanza humwagilia: kidogo kidogo kila saa, juu juu, hata mizizi ikazoea kukaa karibu na uso wa ardhi, na jua la siku moja likaikausha. Afadhali kushindilia kidole udongoni. Kikitoka na unyevu, acha. Kikitoka kikavu, nywesha kwa kina, asubuhi na mapema.

Samadi ya mbuzi au ya ng'ombe ikiwekwa mbichi huunguza mizizi na huleta mbegu za magugu. Irundikwe, ioze miezi 2 au 3.

Na nyanya zisirudishwe mahali zilipokuwa. Wengi hujisifu kwamba wamebadilisha zao kwa kupanda bilinganya baada ya nyanya, kumbe nyanya, bilinganya, pilipili, viazi mviringo na nyanya chungu zote ni ukoo mmoja, na bakteria wa mnyauko waliobaki udongoni huwatambua wote. Baada yake panda mahindi, au vitunguu.

Msimu uliofuata mama alitandika gunia kando ya tuta, akaketi, akaanza kung'oa mwenyewe bila kuombwa. Alichoking'oa hakukitupa. Aliikata mizizi, akaiosha miche mara tatu, kwa kuwa mchanga hung'ang'ania majani machanga, akaipika kwa kitunguu na mawese. Fundi wa baiskeli alitafuta mahali pengine.