Datsun Mezani

Jumamosi, 8 Machi

Hatimaye nimelifungua boksi. Mna Datsun 240Z iliyoshinda mbio za magari za Safari za 1971, kipimo cha 1:24, kazi ya Hasegawa wa Japani: ile nyekundu yenye boneti nyeusi na namba 11 mlangoni, waliyoiendesha Edgar Herrmann na Hans Schüller. Gari lenyewe lilikuwa na urefu wa mita 4 na ushei. Langu litafika sentimita 17 hivi. Ekseli hadi ekseli ni milimita 2305. Gawa kwa 24, unapata 96. Hesabu za namna hii hunituliza moyo baada ya wiki ya kazi.

Meza yetu ni moja. Hapo tunakula, watoto wanaandika kazi za shule, mke wangu anapiga pasi, mama anachagua mchele. Kwa hiyo kazi yangu yote naifanyia juu ya sinia la pilau. Chakula kikiiva nalinyanyua sinia zima na kuliweka juu ya kabati, na hakuna kipande kinachopotea. Leo nimelinyanyua mchana, nikalinyanyua tena alasiri walipokuja wageni wa mama, na usiku nimelinyanyua kwa ajili ya chapati.

Jumanne, 11 Machi

Mfereji umekauka tangu Jumapili. Kijana wa mkokoteni ameleta mitungi na bei mpya, mke wangu akabishana naye pale ngazini mpaka akapunguza kidogo. Nami nahitaji maji. Plastiki ikitoka kiwandani huwa na mafuta yanayoisaidia kutoka kwenye kalibu, na rangi haishiki juu ya mafuta. Lazima ioshwe kwa sabuni.

"Baba watoto, maji haya ya kununua ndiyo ya kuogeshea gari?"

Nimepewa kikombe kimoja na mswaki wa zamani. Nilipomaliza, yale maji yakaenda chooni. Katika nyumba hii hakuna tone linalofanya kazi moja tu mwezi huu.

Jumamosi, 15 Machi

Siku ya rangi. Nyekundu ni rangi ya mwili mwembamba, kila kilicho chini yake kinaonekana. Ukiipaka juu ya kijivu inafifia, inakuwa ya tofali. Nimetandika nyeupe kwanza, kisha nyekundu kidogo kidogo, kila tabaka likikaushwa kabla ya jingine.

Shida ya Mombasa mwezi wa Machi ni hewa yenyewe. Tina ya kuyeyushia rangi inaporuka huupoza uso wa rangi, unyevu ukaganda pale pale, na gari lote likafanya ukungu mweupe. Unyevu hupungua kidogo kuanzia saa sita hadi saa tisa mchana, na saa hizo ndizo jirani wa chini anakaanga samaki, na shuka zetu zimejaa kwenye roshani. Mke wangu amekubali kuzianua saa saba. Nikafunga mlango wa roshani, nikawasha kompresa ya kupulizia rangi.

Mlango wa kushoto ulikuwa umekaa vizuri, nikawa nahamia paa, kompresa ikanyamaza. Tokeni za umeme zimeisha. Mama alikuwa ndani anapiga pasi gauni la kanisani, na pasi yetu inakula umeme vibaya sana. Nilikasirika, nikatoka nje nikasimama ngazini mpaka hasira ikashuka. Mama naye alikuwa na haki: kesho ni Jumapili, na gauni halivaliwi na makunyanzi.

Tokeni zimenunuliwa kwa simu, nimeendelea. Mdudu mmoja ametua katikati ya paa, rangi ikiwa mbichi. Sijamgusa. Ukimwondoa sasa unaondoa na rangi. Ukimwacha akakauka, msasa laini na maji vinamaliza habari yake.

Jumapili, 23 Machi

Safari imeisha leo huko Naivasha, Elfyn Evans kashinda na Toyota. Wanangu wamegombania rimoti tangu asubuhi, mmoja akitaka mpira, mwingine katuni, na nimeona mwisho wa mbio kwa kusimama mbele ya televisheni kwa nguvu ya ubaba.

Nafurahi kwamba mbio zimerudi kwenye ubingwa wa dunia tangu 2021, baada ya kukosekana toka 2003. Lakini sasa kila kipande cha mashindano kimefungwa, barabara ni ya gari moja. Safari ya zamani, iliyoanza 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ilipita kwenye barabara zilizo wazi, pamoja na malori, mabasi na ng'ombe. Tena ilikuwa Pasaka, masika yakibisha hodi. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakafika 7 vilevile, na mara zote mbili Nick Nowicki ndiye aliyeshinda, kwenye Peugeot 404.

Ndiyo maana picha ya kwenye boksi inanisumbua. Datsun inang'aa kama sufuria mpya. Gari la Safari lililo safi ni gari ambalo halijaanza safari. Wengi hulijenga hivyo, wanalipaka vanishi na kulifungia kwenye kioo, na mikono yao ni stadi kuliko yangu, lakini mimi naona wameiacha nje sehemu iliyo yetu. Injini ilitoka Japani, dereva alizaliwa Ujerumani. Njia ilikuwa ya huku. Langu litakuwa la siku ya mwisho.

Jumamosi, 29 Machi

Stima imepotea mtaa mzima saa moja jioni. Mshumaa mmoja, meza moja: binti yangu na hesabu zake upande huu, mimi upande ule. Kazi inayofaa mshumaa ipo. Unachukua kipande cha fremu iliyoshika vipuri, unakizungusha juu ya mwali bila kukiunguza, kikianza kulegea unakitoa motoni na kuvuta. Ukivuta haraka unapata uzi mwembamba sana. Ukivuta polepole unapata unene wa waya wa taa. Ukipoa unabaki umenyooka. Nimepata antena na waya za taa za mbele.

Binti ameacha hesabu, akajaribu. Wake umenyooka kuliko wangu, nao ndio uliokwenda kwenye antena. Mama yake hakufurahia hesabu kulala, na harufu ya plastiki imemfanya mama yangu atoke na kiti chake hadi kwa jirani.

Jumapili, 6 Aprili

Stika. Zile za maji: unakata, unalowesha kwenye maji ya uvuguvugu, unateleza nazo hadi mahali pake. Namba 11 inapita juu ya mkunjo wa mlango na haikutaka kulala. Siki nyeupe inailegeza. Siki iliyobaki nyumbani ilikuwa ya kachumbari ya leo, tukagawana: kijiko kimoja changu, iliyosalia ya bakuli. Namba imelala.

Jumamosi, 12 Aprili

Mama amerudi jana kutoka Mwatate na gunia la viazi vitamu, na viazi vimekuja na udongo wake. Nimemkuta jikoni akivitia kwenye karai.

"Mama, subiri. Nipe huo udongo kwanza."

"Udongo wa nini tena?"

Nikamwonyesha gari. Akakaa.

Amezaliwa kule, karibu na njia ya Taveta, na miaka ya sabini magari ya Safari yalipita katika vilima vya Taita yeye akiwa msichana. Anasema Pasaka ikifika watoto wote walishuka barabarani. Vumbi ndilo lililoonekana kwanza, kwenye kilima cha mbali, kisha sauti, kisha gari. Nimemuuliza matope yalikaa wapi. Hakusita: nyuma ya matairi yote manne, chini ya milango kuja juu, na nyuma kabisa hata taa hazionekani. Kioo cha mbele kilikuwa safi pale tu wipa zilipopita. Na usiku mvua ikinyesha, mchana jua likiwaka, matope yalikauka, vumbi likaja juu yake.

Hakuna kitabu kilichonipa mpangilio huo. Matope kwanza, vumbi baadaye.

Udongo wenyewe hauwezi kwenda hivi hivi. Chembe ya milimita 1 kwa kipimo changu ni jiwe la milimita 24, na gari litaonekana limepigwa mawe. Nimeusaga kwenye kinu cha vitunguu saumu, nikauchekecha kwa soksi ya nailoni ya mke wangu. Ilikuwa imetatuka kidoleni. Yeye anasema ilikuwa inashonwa wiki hii. Nimeahidi mpya, na kinu kimeoshwa kwa maji moto mara mbili kwa amri yake.

Unga uliochanganywa na vanishi isiyong'aa nimeurusha kwa mswaki, nikisugua nyuzi kwa kidole, kutoka kila tairi kuelekea nyuma, kwa sababu gari linakwenda mbele. Kioo nimekifunika kwa vipande viwili vya utepe vilivyokatwa nusu duara kabla ya kupuliza vumbi. Nilipobandua, yale madirisha mawili yalikuwepo. Mama ameshika gari kwa kiganja, akaligeuza. "Huku nyuma ongeza," akasema.

Nimeongeza.

Jumamosi, 19 Aprili

Kesho Pasaka. Meza imechukuliwa tangu alfajiri, na sinia pia, maana pilau ni ya watu wengi. Datsun iko juu ya friji, imefunikwa kwa kopo la aiskrimu, kwa kuwa jirani wa juu amechagua leo kukung'uta mikeka.

Namba 11 upande wa kulia bado inasomeka yote. Mke wangu anashauri iachwe, watu wajue ni gari gani. Mama anasema namba zilikuwa zikizama, watu walilitambua gari kwa sauti. Nimekaa na picha za 1971 nilizonazo, na nakubaliana na mama kwa sehemu ya chini ya namba tu. Jumatatu, wageni wakiondoka, nitaomba sinia langu.