Chupa kutoka Ng'ambo

Jumamosi, 8 Julai 2023. Baraka

Mdogo wangu amenitumia chupa kutoka Kigoma, ng'ambo ya ziwa, imefungwa katika kitenge. Mvinyo mwekundu wa Dodoma. Kibandiko kinasema zabibu za aina mbili zimechanganywa: Makutupora, nyeusi ya huko, na Syrah, ambayo asili yake ni Ufaransa. Nikamkumbuka yule muuguzi wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mtu wa Dodoma, aliyekuwa akituambia kwamba zabibu moja huleta rangi na ukakasi, nyingine huleta harufu. Alisema mapadri wa Kiitalia ndio walioanza kuzipanda kule Dodoma, Bihawana, na sasa zinauzwa hadi kando ya barabara.

Nimeizamisha kwenye mtungi wa maji. Joto la hapa Baraka, kando ya ziwa, si rafiki yake.

Jumapili, 9 Julai

Baada ya misa. Kifungulio hakuna, nilisukuma kizibo ndani kwa mpini wa mwiko. Mama alikuwa amepika mikeke na ndagala. Funda la kwanza, kabla ya kula, tamu. La pili, juu ya samaki, mdomo ukajaa chuma, kana kwamba nimelamba jembe. Na kumbe ni chuma kweli: mvinyo mwekundu unacho kidogo, kikikutana na mafuta ya samaki ladha inageuka.

Mama akacheka. "Baba, hiyo dawa yako inagombana na ziwa."

Jumatatu, 10 Julai. Fizi

Nimepanda kwa pikipiki, nusu chupa kwenye begi. Kwa yaya, ndugu yangu mkubwa, nimekuta bugali ya muhogo, sombe iliyoiva vizuri na mawese, na mbuzi wa kuchoma. Hapo mvinyo ulikubali. Mafuta yanalainisha ukakasi, ukakasi nao unaosha ulimi, unatamani tonge lingine. Pilipili tu ndiyo iliharibu: koo liliwaka mara mbili.

Yaya akauliza, "Huku juu kuna baridi. Mbona hatupandi zabibu?"

Usiku, bado Fizi

Nimekosa usingizi kwa swali lake. Jibu la kwanza ni mvua. Dodoma mvua ni ya msimu mmoja, kama Desemba hadi Aprili, kisha ukavu mrefu. Mkulima akipogoa kwa wakati wake, anavuna mara mbili kwa mwaka. Kwetu mvua ikianza Septemba haituachi hadi Mei. Ukungu ungekula majani yote.

Jibu la pili sikumwambia. Mzabibu unataka mkono wa mtu: kuufunga, kuupogoa kila msimu, kuungoja kama miaka mitatu ndipo uzae vizuri. Sisi mwaka 1996 tulikimbia vita usiku. Mihogo ilibaki imejificha udongoni. Niliporudi 2006 na meli ya HCR, shirika la wakimbizi, nyumba ilikuwa msingi tu, magugu kiunoni, lakini mingazi (michikichi) ya baba ilikuwa imesimama na ngazi zake zimeiva. Hakuna aliyeihudumia miaka kumi. Mzabibu ungekuwa kuni.

Jumapili, 16 Julai. Baraka

Jirani kaleta pombe ya mingazi, imegemwa alfajiri. Asubuhi ni sukari, jioni inapiga kichwa, kesho ni siki. Lazima uite watu leo hii. Ile ya Dodoma ilikuwa na mwaka mzima chupani, na niliinywa kwa kuipima kama dawa. Hii tumeimaliza saa tisa, watu saba, kikombe kimoja.

Jumapili, 23 Julai

Mama ameichukua chupa, kaijaza mawese. Kizibo nilichokisukuma bado kinaelea ndani. Asubuhi ya leo, kwa baridi ya kiangazi, mafuta yaliganda na kizibo kikaziba shingo. Akaitikisa, akaigonga, akanitazama.

"Mwambie mdogo wako, akituma tena, atume dumu."

Ameilaza juani, anangoja iyeyuke.