Chakula cha Watu Hamsini

Kulisha watu wengi kwa fedha nyingi si kazi ya kutafutiwa sifa. Mwenye fedha hununua, hulipa, kisha huketi. Sifa ni ya mtu ambaye watu wake ni wengi na fedha zake ni chache, naye akawalisha wote wakashiba, wala pasiwe na mmoja aliyeinuka mkekani na fundo moyoni. Katika kazi hiyo hesabu peke yake haitoshi, wala huruma peke yake haitoshi. Sharti viwili hivyo viende pamoja kama miguu ya mtu mmoja. Watu husema rahisi ni ghali, na aghalabu husema kweli. Lakini urahisi ni wa namna mbili. Upo unaopatikana kwa kupunguza heshima ya mlaji, na upo unaopatikana kwa kuongeza jasho la mpishi. Ule wa kwanza ndio ghali. Wa pili haujapata kumtia mtu hasara.

Jambo hili lilidhihirika katika nyumba moja ya mji wa Houston, katika Texas, Marekani. Katika mji huo wamo wasemao Kiswahili waliotoka Tanzania, Kenya na Kongo. Wengine ni wanafunzi, wengine wafanyakazi, na kila mmoja ana jamaa ng'ambo ya bahari anaowatazamia simu. Ijumaa moja ya mwezi wa Januari, jioni, kijana mmoja mwanafunzi alipata simu hiyo. Mama yake amefariki Tanga. Maziko asingeweza kuyawahi, kwa kuwa maiti wa Kiislamu hawekwi. Lakini alitaka kuufikia msiba ungali na watu, aketi na baba yake na ndugu zake. Nauli hakuwa nayo.

Habari ilienea usiku ule ule. Mzee mmoja ambaye watu wa huko humkabidhi fedha za michango aliwapigia jamaa simu, akahesabu wangapi watakuja kumpa mkono mfiwa Jumamosi alasiri. Hesabu ilifika hamsini. Hapo yakakutana mahitaji mawili na mfuko mmoja. Watu waliokuja kutoka mbali, na wengine wakitoka kazini, sharti wale. Na kijana sharti asafiri. Kila dola itakayoingia sufuriani imetolewa katika tiketi.

Desturi ya pwani, na mafundisho ya Uislamu pia, ni kwamba nyumba ya mfiwa haipiki. Majirani ndio wampikiao. Katika majirani wa kijana yule alikuwamo mwanamke wa makamo, mtu wa Moshi, Mkristo, mfanyakazi wa hospitali, ambaye wanafunzi wote humwita dada. Yeye ndiye aliyesema, "Mzee, chakula niachieni. Ninyi tafuteni nauli." Hakusema hivyo kwa kuwa alikuwa na fedha. Alikuwa na bata mzinga mmoja katika friza, na maarifa aliyopewa na mwenyeji wake.

Maarifa hayo yana historia yake. Bibi mmoja jirani, mwenye asili ya Mexico, mzaliwa wa San Antonio, ndiye aliyemfundisha kupika chili. Jina lenyewe kwa Kispania ni refu kuliko hilo, na maana yake ni pilipili kwa nyama. Katika karne ya 19 wanawake wa San Antonio walikuwa wakiketi usiku katika viwanja vya mji, wakiwauzia chakula hicho wapita njia, wachukuzi na askari. Mwaka 1893 kibanda cha chili ya San Antonio kilikuwapo katika maonyesho makubwa ya Chicago. Baadaye, katika miaka ya 1930, sheria za afya za mji ziliwabana wanawake hao mpaka biashara yao ikafa. Na mwaka 1977 chakula kile kile kikatangazwa kuwa chakula cha jimbo zima la Texas. Ndiyo tabia ya dunia: huheshimu chakula cha maskini baada ya kumwondoa maskini aliyekipika.

Wenye msimamo mkali katika Texas husema chili ya kweli ni nyama ya ng'ombe na pilipili, wala haitiwi maharage. Bibi yule aliyajua maneno hayo, na mwenyewe alikuwa na watoto saba. Alimwambia mwanafunzi wake kwamba maharage hayakuingia katika sufuria yake kwa ujinga, bali kwa hesabu ya midomo. Na bata mzinga si mgeni katika upishi huo. Watu wa kale wa Mexico walimfuga kabla ya Wazungu kuijua nchi yao. Pilipili, nyanya na maharage nayo ni mazao ya bara lile lile, na yote matatu yalivuka bahari yakawa chakula cha kila siku cha Mswahili. Kwa hiyo mtu wa Moshi aliyesimama mbele ya sufuria ile hakuwa akitazama kitu kigeni. Alikuwa akivitazama vitu vya jikoni mwa mama yake katika nchi vilikotoka.

Ndege huyo alinunuliwa mwezi wa Novemba, wakati wa sikukuu ya Shukrani, ambayo Wamarekani huiadhimisha Alhamisi ya nne ya mwezi huo, na bata mzinga huuzwa kwa wingi. Katika duka lolote kubwa angalipatikana kwa bei ndogo zaidi. Lakini mwanamke yule alikwenda kwa mchinjaji Mwislamu, akalipa ziada. Kwa mlo wake mwenyewe jambo hilo halikuwa na lazima. Ila alijua kwamba hakuna ajuaye ni mgeni gani atakayebisha hodi kesho. Huo ni mfano mzuri wa kupima thamani. Ndege wa bei ndogo asiyeweza kuliwa na nusu ya wageni ni ndege wa bei mara mbili.

Usiku ule kazi ilianza. Ndege alikuwa na uzito wa kilo 7, naye alikuwa mgumu kama jiwe. Kumwacha ayeyuke katika jokofu kungalichukua siku tatu au nne, na muda huo haukuwapo. Kumwacha juu ya meza ni kuialika hatari, kwa kuwa nje huanza kuharibika hali ndani bado ni barafu. Ilibaki njia ya maji baridi: ndege azamishwe akiwa katika mfuko wake usiopitisha maji, na maji yabadilishwe kila nusu saa. Kwa uzito ule ilihitaji saa nane hivi. Mwanamke akatega saa yake, akalala kwenye kiti cha jikoni, akaamka, akamwaga maji, akatia mengine, akalala tena. Akafanya hivyo tangu saa nne ya usiku mpaka alfajiri. Pembeni, katika beseni jingine, kilo 4 za maharage mekundu zilikuwa zikilowa. Mwenye fedha angalinunua nyama mbichi asubuhi na maharage ya makopo. Asiye nazo alilipa kwa usingizi.

Alfajiri alimkata ndege vipande, akamchemsha kwa moto wa taratibu pamoja na vitunguu na chumvi, mpaka nyama ikaachana na mifupa. Akaichambua, ikapatikana kama kilo 3. Mtu akizigawa kwa watu hamsini ataona kwamba kila mmoja ana gramu 60 tu, kiasi cha vipande vichache. Na hapo ndipo mpishi mwoga hukata tamaa. Lakini mifupa alikuwa ameirudisha katika maji yale, ikachemka saa mbili nyingine, na utamu uliokuwamo ukatoka. Nyama ya bata mzinga ni haba, ila supu yake huenea katika kila punje ya haragwe. Mlaji haulizi vipande vingapi. Huuliza kama ameonja nyama.

Maharage yana sheria zake, na asiyezijua huumiza watu. Haragwe jekundu bichi lina sumu iletayo kutapika na kuharisha, nayo haiondoki kwa joto dogo. Kwa sababu hiyo maji ya kulowekea yalimwagwa, yakatiwa mapya, na maharage yakachemshwa kwa nguvu nusu saa kabla ya moto kupunguzwa. Sufuria ya umeme ipikayo polepole ingaliweza kuyalainisha na kuiacha sumu ndani. Sheria ya pili ni ya nyanya: haragwe likikutana na ukali wa nyanya kabla halijaiva, hukaidi kulainika. Basi makopo ya nyanya, yenye kilo 5, yalingoja mpaka haragwe likavunjika kati ya vidole viwili.

Kisha katika sufuria kubwa mbili vilikaangwa vitunguu, kitunguu saumu na pilipili hoho, mpaka vikalegea. Pilipili ya unga na bizari nyembamba zikatiwa katika mafuta ya moto, kwa kuwa viungo vya namna hiyo huamka kwa mafuta kuliko kwa maji. Zikafuata nyanya, supu, maharage, na mwisho nyama. Pilipili kali haikutiwa. Ilikatwakatwa ikawekwa kando katika vibakuli, kwa sababu chakula cha hadhara hupikiwa mtoto na mzee kwanza. Kijana mwenye kutaka moto atajitilia mwenyewe.

Sufuria moja iliungua chini. Katika mapishi ya watu wengi hilo hutokea mara nyingi, maana uzito wa chakula huzuia mkono kufika. Hakuikwangua. Mwenye kukwangua huchanganya uchungu wa chini na utamu wa juu, akapoteza vyote. Alikimimina chakula cha juu katika chombo kingine polepole, akaacha ukoko ulipo. Zikapotea bakuli mbili au tatu, zikaokoka ishirini.

Alasiri watu walifika. Wali wa kilo 5 ulikuwa tayari. Mwanamume mmoja, rafiki wa mume wake, alifunua sufuria, akatazama, akasema kwa sauti iliyosikika sebuleni, "Dada, msiba bila pilau ya ng'ombe? Watu watasemaje?"

Maneno hayo si madogo. Katika jamii iliyo ugenini heshima ya msiba hutazamwa sana, na mpishi hubeba lawama ambayo mchangaji habebi. Mwanamke alifuta mikono yake, akajibu taratibu, "Shemeji, pilau ninaijua. Ila fedha za pilau ziko kwa mzee, zinangoja kuwa tiketi. Wewe ukitaka niipike, kaniletee." Mwanamume alinyamaza. Baadaye alionekana akipeleka bakuli kwa wazee, na kabla ya kuondoka alikwenda kwa mzee akaongeza mchango wake.

Kijana mfiwa hakuwa amekula tangu jana. Aliwekewa bakuli, akaliacha likapoa. Likabadilishwa, akaletewa jingine la moto. Mvuke ulipompata usoni akauliza, "Dada, humu mna bizari nyembamba?" Akajibiwa kwamba imo. "Mama naye huitia," alisema. Kisha akala. Hakuna aliyemwambia neno, na bakuli lile alilimaliza.

Jioni kilichobaki kilikuwa kiasi cha watu sita. Jirani mmoja alishauri kiachwe katika sufuria juu ya jiko, kipashwe asubuhi, kama ifanywavyo nyumbani. Mwanamke alikataa. Sufuria kubwa hushika uvuguvugu usiku kucha. Na katika nyama wamo vijidudu ambavyo mbegu zake haziuawi na kuchemka, huzaana katika uvuguvugu huo na kuumiza matumbo ya watu. Alikitandaza chakula katika vyombo vipana visivyo na kina, kikapoa upesi, kikaingia katika jokofu. Aliyekesha ili watu wale alikesha pia ili wasidhurike.

Hesabu ilipofanywa, chakula chote, pamoja na ndege wa Novemba, hakikufika dola 100. Yaani kila mtu alikula kwa chini ya dola 2. Mzee alihesabu michango mbele ya mashahidi wawili, ikatosha nauli. Jumapili kijana alipanda ndege.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Lakini kufaa nako kuna elimu yake. Moyo mwema usiojua haragwe liivavyo ungaliweza kuwatapisha wageni hamsini, na hesabu kali isiyojali nyama halali ingaliwaacha wengine na njaa mbele ya sufuria iliyojaa. Siku ile hesabu na huruma vilipika pamoja. Kwa sababu hiyo chakula cha thamani ndogo hakikumfedhehesha aliyekipika, wala aliyekila, wala yule marehemu wa Tanga ambaye kwa ajili yake watu walikusanyika.