Safari ya Kinyerezi: Nyumba ya Waliofyeka Kwanza

Mwezi uliopita twalikwenda Kinyerezi kumzuru bibi mmoja mzee sana, kwa kuwa watu wa nyumbani mwake walituomba tuje tusikilize shauri lao. Twaona vema kuwaeleza tuliyoyaona huko, maana shauri lile si la nyumba moja tu.

Kinyerezi iko upande wa magharibi wa Dar es Salaam, mbele ya Tabata na Segerea, kuelekea vilima vya Pugu, ambako Mto Msimbazi huanza safari yake ya kwenda baharini. Apitaye leo kwa daladala huona nyumba za matofali, maduka, kuta ndefu, na mitambo mikubwa ya umeme iendeshwayo kwa gesi. Ni vigumu kwake kudhani ya kuwa hapo palikuwa mashamba. Walakini akishuka na kutembea kwa miguu, ataona kati ya nyumba mpya mwembe mnene kuliko wote, na mbali kidogo mnazi uliobaki peke yake. Miti hiyo haikuota yenyewe. Ilipandwa na watu, na watu hao walikuwa na majina.

Nchi hii ni ya Wazaramo. Wazee wao husimulia ya kuwa babu zao walitoka bara, upande wa Ukutu na Uluguru. Humtaja hasa Pazi Kilama, mwindaji wa tembo, aliyeshuka pwani akawasaidia Washomvi kupigana na Wakamba. Jina la Pazi limehifadhiwa kwa sababu ya vita. Lakini wako wengine waliokuja na jembe na shoka, na hao hawatajwi katika masimulizi ya vita, ingawa ndio waliofanya nchi ikalika.

Kazi yao ilikuwa hivi. Mtu alikuja na mkewe na ndugu zake, akatafuta bonde lenye maji. Wakati wa kiangazi walifyeka mwitu, wakauacha ukauke, wakauchoma moto. Mvua iliponyesha walipanda mpunga bondeni, na mihogo penye mchanga juu yake. Walijenga dungu, wakalinda shamba usiku na mchana, kwa sababu ya nguruwe na ngedere. Nyumba yao ilikuwa ya miti na udongo, nayo kwa miaka michache huoza ikajengwa nyingine. Kwa hiyo, msomaji, usitafute nyumba ya kale ya mkulima wa Uzaramo, hutaiona. Tafuta mti.

Kwa maana walipokwisha kupata chakula walipanda miembe na minazi. Mnazi hukawia miaka 6 au zaidi kabla ya kuzaa, basi aupandaye amekusudia kukaa. Ndiyo sababu ya desturi ya pwani: mgeni akiomba mahali pa kulima, alipewa ruhusa ya kupanda mihogo na mtama, lakini alikatazwa kupanda mwembe au mnazi, kwa kuwa apandaye mti wa kudumu amejipatia haki. Tena ardhi yaweza kuwa na mwenyewe, na mti uliosimama juu yake ukawa na mwenyewe mwingine.

Huko Marekani serikali ilitoa sheria mwaka 1862, ya kuwa mtu akikaa katika ekari 160 na kuzilima miaka 5, atapewa hati ya kuzimiliki; ingawa nyingi za ardhi hizo zilikuwa zimetwaliwa kwa wenyeji wa kwanza wa nchi ile. Wajukuu wa wakulima wale waweza kusoma jina la babu yao katika karatasi. Mkulima wa Kinyerezi hakupewa karatasi. Nao Wadachi walipotangaza mwaka 1895 ya kuwa ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya serikali, shahidi wake alikuwa shamba lenyewe na miti yake.

Tulimkuta bibi ameketi juu ya mkeka chini ya mwembe. Tukasema, "Shikamoo, Bibi." Akaitika, "Marahaba, wanangu. Karibu, Mwalimu." Wana na wajukuu walikuwa wamekusanyika. Shamba la wazee wao limekwisha kuuzwa viwanja viwanja, kimebaki kipande kimoja chenye mwembe na makaburi. Mnunuzi amekuja, naye ataka mti ukatwe na makaburi yahamishwe. Wako wanaotaka kuuza, na haja yao ni ya kweli, kwani karo za watoto zinawalemea.

Bibi hakuwagombeza. Aliuliza neno moja tu: "Mkihamisha, mtawaita nani na nani?" Mjukuu mkubwa akaanza kuhesabu. Akataja babu yake, na nduguye babu, na shangazi mmoja. Akanyamaza. Makaburi ni 9.

Ndipo bibi akayataja yote. Tukajua ya kuwa mwembe ule, ambao wote waliuita mwembe wa babu, ulipandwa na mama wa bibi yake, mwanamke aliyekuja hapo akiwa na mtoto mgongoni. Wala si ajabu, kwani kwa Wazaramo mtu huhesabiwa ukoo kwa mama yake, na kwa baba hupata mtala. Lakini siku hizi wengi huweka la baba na kulisahau la mama. Hivyo nusu ya nyumba ikapotea nao wenyewe wangali hai.

Tuliomba daftari kwa mtoto wa shule, tukaandika majina 9, na kila mmoja mama yake ni nani, na alipanda nini, na wapi. Jua lilikuwa limekwisha kutua tulipomaliza. Wale waliokuja kubishana juu ya bei walikuwa wamekaa kimya, wakisikiliza.

Hata leo shauri la kuuza halijakwisha, nasi hatukutumwa kulikata. Lakini majina yamekwisha andikwa. Nawe msomaji, kama nyumbani kwenu yuko mzee, chukua daftari uende kwake juma hili, uanze na kumwuliza jina la mama wa bibi yake.