Kabla Ulipie Gesi, Angalia Feni

Maoni yangu ni haya: kuna madereva Nairobi wanalipia gesi ya AC na shida ni feni tu.

Ishara ni rahisi. Thika Road ikiwa wazi, AC inapuliza baridi poa kabisa. Ukikwama kwa jam pale Pangani, inageuka joto. Gari likisonga, baridi inarudi. Gesi ikipungua, kwa kawaida baridi hupungua hata ukiwa kwa mwendo.

Mbele ya rejeta kuna kondensa, mahali gesi inatupa joto lililotoka ndani ya gari. Kondensa inataka upepo. Ukikimbia, upepo unakuja bure. Ukisimama, ni feni inauvuta. Feni ikikufa, presha inapanda mpaka swichi inazima kompresa.

Binamu yangu ni dereva wa teksi. Alijaziwa gesi mara mbili, na fundi hakuwahi kuangalia feni. Abiria wakampunguzia nyota. Kumbe ni rilei imeungua, kakitu kanatoshea kwa kiganja.

Jipimie hivi: washa injini, washa AC, fungua boneti, ngoja kidogo. Feni inafaa izunguke. Mkono kaa nao mbali, inaweza kuanza ghafla. Ikiwa imelala, anza na fyuzi na rilei, halafu waya, mwisho mota.

Na usingoje. Kwa magari mengi, feni hiyo hiyo inapoza injini. Leo ni jasho, kesho umeunguza hedi gasketi.

Fundi akisema ni gesi, muulize kwanza: feni inazunguka?